Sentensi ya Nyamai

Nzisa alikuwa na miaka hamsini na mbili aliporudi darasa la tatu, na hakurudi kwa ajili yake mwenyewe. Darasa lilikuwa nyuma ya jiko lake, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Matinyani. Ubao ulikuwa mlango wa mabati wa jiko. Chaki ilikuwa ile bapa ya kuchorea vitambaa, maana Nzisa alikuwa fundi wa nguo. Mwanafunzi alikuwa mmoja, naye alikuwa mume wake, Nyamai.

Waliomjua Nyamai zamani hawakuweza kulitazama darasa lile kwa muda mrefu. Alikuwa dalali wa mbuzi kwa miaka thelathini na zaidi, na kazi ya dalali ni mdomo. Watu walisema Nyamai angeweza kumsifu mbuzi kilema mpaka mwenye mbuzi abadilishe nia ya kumuuza. Alitania wachuuzi na mama mboga, hata mapasta. Nyumbani hakunyamaza; Nzisa alikuwa akishona huku akisikiliza nusu ya anayosema, nusu nyingine akaiacha ipite kama upepo. Baadaye aliijutia ile nusu.

Kiharusi kilimshika asubuhi moja ya Januari 2024, akiwa ameinama kufunga kamba ya kiatu. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, na maneno yakaondoka yote kwa mara moja. Mdogo wake, Mutie, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani. Hilo Nzisa hakulisahau hata siku alizokuwa na sababu ya kulisahau. Mutie alilia hospitalini bila kujificha, mtu mzima mwenye mke na watoto.

Hospitalini walimkuta msichana aitwaye Gakenia, mwenyeji wa huko Nyeri, aliyekuwa akiwafundisha wagonjwa wa kiharusi kusema tena. Wauguzi walimwita daktari wa maneno. Gakenia alimwonyesha Nyamai kikombe, Nyamai akasema "tano." Akamwonyesha ufunguo, akasema "tano" tena, kisha akacheka kwa aibu kwa sababu alijua si tano.

"Mama, usikate tamaa haraka," Gakenia alimwambia Nzisa. "Nyumbani mpe maneno mawili, matatu. Vitu anavyoviona. Atunge sentensi fupi fupi, kama mtoto wa shule. Na uwe unamsifu akipata."

"Kama mtoto wa shule," Nzisa alirudia, na akalichukua neno hilo kama lilivyo.

Ndani ya sanduku la nguo kulikuwa na vitabu vya binti yao, Mutindi, ambaye sasa alikuwa ameolewa huko Mlolongo. Nzisa alikuta daftari la Kiswahili la darasa la tatu. Katika ukurasa wa pili mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: *Tumia maneno haya katika sentensi sahihi.* Chini yake maneno kumi, na sentensi kumi za mtoto, safi, kila moja na tiki yake. Nzisa alisoma mpaka kidato cha pili na aliheshimu kilichoandikwa. Haikumjia kwamba "sentensi" ingeweza kuwa Kikamba, ile lugha ambayo Nyamai alinunulia na kuuzia mbuzi maisha yake yote. Kikamba kilikuwa cha kusemwa tu. Sentensi zilikaa kwenye daftari, nazo zilikuwa za Kiswahili.

Kwa hiyo kila asubuhi, baada ya uji, aliandika maneno kwenye mlango wa mabati. Maji. Chai. Mwiko. Nyamai aliketi kwenye kiti cha plastiki, mkono mbovu juu ya paja, akayatazama kama mtu anayetazama mbuzi bila kujua bei yake. Miezi miwili ya kwanza alirudia neno lile lile mpaka likachakaa mdomoni. Maji. Maji. Maji. Nzisa alichora tiki hata hivyo.

Halafu siku moja mwezi wa Aprili aliandika *kuku* na *cherehani*, na Nyamai akafunga macho, uso ukajikunja, akasema polepole, "Kuku yuko juu ya cherehani."

Nzisa aligeuka. Kuku alikuwa juu ya cherehani kweli, anadonoa uzi. Hakumfukuza. Alikaa chini mavumbini akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Nyamai naye akacheka, upande mmoja wa uso.

Kufikia mwisho wa mwaka ule aliweza. Ukimpa maneno, alifunga macho, akayapanga, akakutolea sentensi iliyonyooka. Walifika ukurasa wa kukanusha, wakaupita. *Mama anapika. Mama hapiki.* Majirani walikuja kusikiliza. Mutie naye alipita mara kwa mara jioni akitoka kwenye mashamba, akaegemea jiko akitabasamu.

"Shemeji, nipe nafasi leo niwe mwalimu," alisema siku moja. "Ndugu yangu, haya: Mutie, uzuri, kijiji."

Nyamai akafunga macho. "Mutie si mzuri kijijini."

"Aiya! Huyu bado ni yeye!" Mutie alipiga makofi, na wote watatu wakacheka. Siku hiyo hata Nzisa aliamini kwamba bado ni yeye.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo Nzisa alilijua peke yake. Bila kupewa maneno, Nyamai hakuwa na kitu. Ukimuuliza, "Umekula?" angesema ndiyo, halafu hapana, halafu chai, akikutazama usoni apate kujua ipi ndiyo sahihi. Sentensi zilikuwa sahihi zote. Zipi zilikuwa za kweli, hakuna aliyeweza kujua, na Nzisa aliacha kumuuliza maswali ili asilione hilo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, habari ya shamba ililetwa. Shamba la baba yao akina Nyamai lilikuwa bado kwa jina la marehemu, na sasa ndugu walitaka kila mtu apate hati yake. Naibu wa chifu alikuwa amewaambia: elewaneni nyumbani kwanza, mniletee orodha moja isiyo na kelele. Sehemu ya Nyamai ilijulikana, hakuna aliyebisha. Swali lilikuwa nani ataishika, kwa kuwa mwenyewe hawezi kusema wala kutia sahihi. Mke, bila shaka. Ila Mutie alisimama katika kikao cha kwanza, akasema bila hasira yoyote:

"Mimi sina ubaya na Mama Mutindi. Lakini mke wa Mkamba ni wa ntheo. Mimi sikuona mbuzi."

Mtu wa huku haelezwi ntheo. Ni wale mbuzi watatu wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, mmoja anachinjwa na kuliwa na pande zote mbili, na hapo ndipo ndoa inapoanza. Unaweza kupeleka ng'ombe baadaye, unaweza kujenga nyumba ya matofali, mkazaa na mkazeeka. Kama mbuzi hawakwenda, mwanamke anakaa tu. Akifa, watu wake huitwa waje wamchukue.

Mbuzi walikwenda. Nzisa aliwaona kwa macho yake, kwao Kanyangi, mwaka 1992, yeye akiwa amejificha nyuma ya ghala kama inavyompasa msichana. Majike mawili na beberu mwenye doa jeupe shingoni. Nyamai alikuja nao pamoja na mjomba wake, Nzomo. Nzomo alishakufa. Baba yake Nzisa alishakufa, na mama pia. Kaka yake, Musyimi, aliyemshika beberu akichinjwa, alienda kutafuta kazi upande wa pwani na akazikwa huko. Mutie wakati ule alikuwa mtoto wa miaka tisa, kweli hakuona. Ndoa ya kanisani walikuwa wamesema watafunga mwaka ujao, na mwaka ujao ukawa na mwaka wake ujao.

Nzisa alipanda gari mpaka Kanyangi kutafuta shahidi. Alimkuta bibi mmoja jirani, amekaa kwenye gunia akichambua kunde kwa kupapasa, macho yamekwisha.

"Nakumbuka mbuzi, mwanangu," bibi alisema. "Nilikula nyama, hata supu nilipewa. Beberu alikuwa na mafuta!"

"Walikuwa wangu, nyanya. Wa ntheo yangu."

Bibi akaendelea kupapasa kunde. "Ama walikuwa wa dada yako? Dada yako si aliolewa miaka hiyo hiyo?"

"Dada alitangulia mwaka mmoja."

"Basi mimi nilikula wapi? Sitaki kukudanganya, mwanangu. Nilikula. Lakini ya nani, Mungu ndiye anajua."

Dada mwenyewe alikuwa kaburini, karibu na ghala lile lile.

Mwenyekiti wa ukoo alikuwa Mzee Mutisya, mtu wa haki, mzito wa kuamua. Alimwita Nzisa kando baada ya ibada Jumapili moja. "Mama Mutindi, mimi naamini wewe. Lakini kuamini kwangu si ushahidi. Nyamai anaongea, nasikia? Basi aseme yeye mwenyewe. Sentensi moja tu itatosha. Aseme mbele yetu alipeleka, mimi naandika na tumemaliza."

Sentensi moja. Nzisa alirudi nyumbani akikaribia kukimbia.

Kuanzia siku hiyo mlango wa mabati ulikuwa na maneno yale yale: *mbuzi, Kanyangi, peleka.* Siku ya kwanza Nyamai alisema, "Mbuzi wa Kanyangi ni wanono." Ilikuwa sentensi nzuri. Nzisa hakuchora tiki. Siku ya pili, "Peleka mbuzi malishoni Kanyangi." Hakuchora. Nyamai alianza kuhangaika. Alikuwa hajawahi kunyimwa tiki. Alitazama chaki kisha uso wa mkewe, chaki kisha uso.

"Hapana, baba," Nzisa alimwambia. "Kumbuka. Wewe na Mjomba Nzomo. Beberu wa doa. Kumbuka." Halafu akamsemea sentensi yenyewe, polepole, na kumwambia arudie. Alipofanya hivyo mara ya kwanza mkono wake ulisita juu ya mlango. Alijua mwalimu hamsemei mtoto jibu. Lakini mwalimu huyu anajua kwamba jibu ni la kweli, akajiambia, na akachora tiki.

Wiki sita zikapita. Nyamai akaishika. Ukisema tu *mbuzi, Kanyangi, peleka*, alifumba macho na kutoa: "Nilipeleka mbuzi watatu Kanyangi kwa baba yake Nzisa."

Kikao kilikuwa nyumbani kwa Nzisa, Jumamosi asubuhi, mwishoni mwa Juni. Viti viliazimwa kanisani vikapangwa kwenye kibaraza cha mabati. Walikuja watu kumi na mmoja. Kwa kuwa kikao cha ukoo hakikai na njaa, Nzisa alikuwa ameamka mapema akapika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kwa maharagwe, na kuku wawili. Alimvisha Nyamai shati jeupe alilomshonea yeye mwenyewe, akamkalisha katikati.

Mzee Mutisya aliomba, akafungua faili, akamgeukia Nyamai kwa Kikamba. "Nyamai, wewe ni mtu mzima na hawa wote ni watu wako. Huyu mama hapa, ulipeleka ntheo kwao au hukupeleka?"

Nyamai alitabasamu. Alimtazama Nzisa.

"Nyamai?"

"Chai," alisema Nyamai.

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Nzisa alisimama. "Mzee, hivyo hawezi. Anapewa maneno kwanza. Ukimpa maneno atasema."

"Maneno gani zaidi ya swali?" akauliza Mzee Mutisya. "Swali si ni maneno?"

"Nikubalie, mzee."

Mzee alimkubalia kwa kichwa. Nzisa alisogea mbele ya mumewe. Hakuwa na chaki mkononi. "Baba," akasema kwa Kiswahili. "Mbuzi. Kanyangi. Peleka."

Nyamai akafunga macho. Kibaraza kizima kikasikiliza. Uso wake ulijikunja, mshipa wa shingo ukasimama, halafu sentensi ikatoka yote bila kukwama: "Nilipeleka mbuzi watatu Kanyangi kwa baba yake Nzisa."

"Aiya!" akasema mama mmoja. "Amesema!"

"Anaongea kama redio," akasema mwingine, na watu wakacheka kwa furaha. Mzee Mutisya alitoa kalamu mfukoni, akaiondoa kifuniko.

"Mzee, kidogo tu," ikasema sauti ya Mutie.

Alikuwa amekaa pembeni, kofia juu ya goti. Hakuwa na uso wa mtu anayeshinda kesi. Alikuwa na uso wa mtu anayeogopa jambo analokaribia kulifanya. "Mimi pia nimekaa kwenye hili darasa. Najua vile linaendeshwa. Naomba na mimi nimpe maneno. Ni ndugu yangu, ama siruhusiwi?"

"Unaruhusiwa," akasema mzee.

"Mutie," Nzisa akasema, chini chini. "Tafadhali."

Mutie hakumtazama. Alivuta kiti mpaka magoti yake na ya Nyamai yakakaribiana. Kwa Kiswahili kile kile cha shule akasema, "Kaka. Mbuzi. Kanyangi. Hapana."

Nyamai akafunga macho.

Nzisa alijua kwamba ataweza. Ukurasa wa kukanusha walikuwa wameumaliza vizuri. Kila sentensi ilipata tiki. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili ile ya kuku na cherehani, alimwomba Mungu amnyime maneno.

"Sikupeleka mbuzi Kanyangi," akasema Nyamai, safi kabisa. Akafungua macho, akamgeukia Nzisa, uso umejaa matumaini, akingoja.

Hakuna aliyecheka. Mutie akaendelea. "Moja tena, kaka. Ng'ombe. Kumi. Nairobi."

"Nilipeleka ng'ombe kumi Nairobi."

"Huyu mtu hajawahi peleka hata kuku Nairobi," akasema mzee mmoja wa nyuma, na hapo watu wakacheka, si kwa ubaya, na Nyamai akacheka nao kwa sababu aliona amefanya vizuri. Akarudia, kwa sauti zaidi, "Nilipeleka ng'ombe kumi Nairobi!"

Mzee Mutisya alirudisha kifuniko cha kalamu. Alifanya hivyo taratibu, akikibonyeza mpaka kikalia.

"Ile ya kwanza ni ya kweli," Nzisa alisema. "Mzee, ile ya kwanza ndiyo. Mimi nilikuwepo. Mimi niliona."

"Ulimfundisha?"

"Nilimkumbusha."

"Mama Mutindi. Ulimfundisha?"

Nzisa alitafuta neno lingine, akakosa. "Ndiyo."

"Basi huyo ni wewe umesema, kwa mdomo wake," akasema Mzee Mutisya kwa huzuni. "Mtu akiwa na ukweli wake anausema kwa lugha ya mama yake, hata kama ni vipande. Ungemwacha aseme vipande vyake, pengine tungesikia kitu."

Jambo hilo lilimwingia Nzisa polepole. Aliwakumbuka mbuzi wale, na Nyamai kijana akiwataja mmoja mmoja mbele ya baba yake Nzisa, kwa Kikamba, kwa madoido yote ya sokoni, mpaka baba akashindwa kujizuia kucheka. Labda maneno hayo yalikuwa bado mahali fulani ndani ya kichwa kile. Nzisa alikuwa na mwaka mzima na miezi kadhaa ya kuyatafuta, na yeye alimfundisha mwiko na maji.

Orodha iliandikwa hapo hapo. Mzee alitaka kuwa mwema, kwa hiyo hakumwacha nje kabisa. Nzisa aliomba kuisoma, akapewa. Mstari wa tatu ulisema: *Nyamai. Sehemu yake itashikwa na ndugu yake Mutie.* Chini, kwa herufi ndogo zaidi: *Nzisa, mtunzaji wa mgonjwa.* Aliisoma mara mbili. Ilikuwa imeandikwa vizuri, bila kosa lolote. Akairudisha.

Halafu ilibidi chakula kipakuliwe, maana kilikuwa tayari na wageni walikuwa kwake. Alipita na birika la maji ya kunawa, mtu mmoja mmoja, wa kwanza Mzee Mutisya. Alipofika kwa Mutie, Mutie aliweka mikono mbele na kutazama maji yakianguka.

"Muthokoi umeiva vizuri, Mama Mutindi," mtu akasema.

"Asante."

Walikula, wakashukuru, wakaenda. Mutie alibaki nyuma kurudisha viti. Alipovipanga vyote akaja kusimama mlangoni mwa jiko, kofia mkononi.

"Hapa nyumba hakuna mtu atawagusa," alisema. "Mtakaa. Mimi si mnyama."

Nzisa alikuwa akikwangua sufuria.

"Ni shamba la bondeni tu. Kuna mtu nimeongea naye, anakuja kupima wiki ijayo. Sasa zile mbaazi zako huko..."

"Zina wiki nne bado."

"Najua. Lakini huyo mtu anakuja wiki ijayo."

Akavaa kofia, akaenda.

Nzisa alimwita Mutindi kwa simu, ikaita mpaka ikakatika. Alimlaza Nyamai apumzike, akamfunika miguu. Jua lilikuwa bado juu. Alichukua magunia mawili, akashuka bondeni, akaanza mstari wa kwanza kutoka upande wa mto. Mbaazi zilikuwa mbichi, maganda ya kijani, punje ndani hazijajaa. Ukizianika zingenyauka na zisifae hata kwa mbegu. Alizichuma hivyo hivyo, mstari baada ya mstari, mpaka gunia la kwanza likajaa.